Mchanga wa Lami na Wenyeji wa Mto Athabasca

Kaskazini ya jimbo la Alberta, katika nchi ya Kanada, kuna mto mkubwa uitwao Athabasca. Hushuka kutoka milima ya magharibi, hupita katika misitu ya misunobari, kisha huelekea kaskazini mpaka katika ziwa lenye jina lake. Jua la kiangazi linapokuwa kali, kingo za mto huo hutoka jasho jeusi: ni lami inayochuruzika kutoka mchangani. Mchanga wa namna hiyo, pamoja na ule wa Cold Lake na wa Peace River, umeenea chini ya nchi yenye kilomita za mraba zipatazo 142,000, na mafuta yanayokadiriwa kuwa yaweza kutolewa humo kwa faida yazidi mapipa bilioni 160. Ni nchi chache sana duniani zenye akiba kubwa kuliko hiyo.

Wataalamu wa miamba, wa kemia na wa biashara wameandika mengi juu ya mchanga huo, na insha hii haina nia ya kushindana nao. Nia yake ni kufuata uzi mmoja tu katika historia ndefu: namna habari za lami na za madhara yake zilivyosafiri baina ya wenyeji wa mto na watu waliokuja kuchimba. Nani alimwambia nani, lini, na kwa kulazimishwa na nini? Siku hizi kampuni za mafuta zina idara za kupima hatari na idara za kushauriana na wenyeji, na taarifa zao huchapwa kwa karatasi nzuri. Walakini hatari haidhibitiwi kwa kuandikwa. Hudhibitiwa pale mtu atakayeumizwa nayo anapoijua mapema, naye akawa na uwezo wa kusema neno likasikiwa. Historia ya Athabasca yathibitisha jambo hilo kwa mema yake na kwa maovu yake.

Wenyeji na lami yao

Wenyeji wa nchi hiyo ni Wacree na Wadene, pamoja na Wametis, ambao asili yao ni ndoa za wenyeji na wafanya biashara wa Kizungu waliofuata ngozi za manyoya. Waliishi kwa kuwinda, kutega na kuvua, na njia zao kuu zilikuwa mito. Mitumbwi yao ilifanywa kwa magome ya miti, na nyufa zake zilizibwa kwa lami iliyochanganywa na utomvu wa msunobari. Msomaji wa pwani hatashangaa kusikia hayo. Fundi wa jahazi anayekalafati chombo kwa pamba na mafuta anajua kuwa salama ya safari nzima hukaa katika nyufa. Kwa watu wa mto Athabasca, basi, lami ilikuwa dawa ya chombo kabla haijawa bidhaa ya soko.

Mwaka 1719 Mcree mmoja aliyeitwa Wa-Pa-Su, jina ambalo maana yake ni batamaji, alichukua sehemu ya lami hiyo mpaka York Factory, ngome ya kampuni ya Hudson's Bay. Mkuu wa ngome, Henry Kelsey, aliandika habari yake katika kitabu chake cha siku. Mwishoni mwa karne hiyo Alexander Mackenzie, msafiri Mskoti, aliiona lami yenyewe mahali pake. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1801 alieleza chemchemi za lami ambazo mtu angeweza kuzamisha ndani yake mti wa futi 20 bila kupata kizuizi, na akaeleza pia jinsi wenyeji walivyoitumia kwa mitumbwi.

Hivyo ndivyo habari zilivyoanza safari yake: kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni. Mwenyeji alikuwa mwalimu na mgeni alikuwa mwanafunzi. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tutaona kama mwenyeji huyu alipona.

Mkataba wa mwaka 1899

Katika miaka ya 1880 serikali ya Kanada ilituma wapimaji wa miamba katika bonde la Athabasca. Taarifa zao zilitia tamaa, kwa kuwa zilitaja hazina kubwa ya mafuta ardhini. Kisha dhahabu ya Klondike iligunduliwa mwaka 1896, na watafutaji wakaanza kupita katika nchi hiyo kwa makundi. Serikali ikaona kuwa haifai nchi yenye mali nyingi namna hiyo ikae bila mapatano na wenyewe. Majira ya kiangazi ya mwaka 1899 wajumbe wa Malkia Victoria walikwenda kaskazini na Mkataba wa Nane, unaohusu nchi ya kilomita za mraba zipatazo 840,000, na katika mwezi wa Julai ulitiwa sahihi Fort Chipewyan, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Athabasca.

Mkataba huo una maneno mazuri na una kifungu kizito. Wenyeji waliahidiwa malipo ya kila mwaka, ardhi ya kukaa, na haki ya kuendelea kuwinda, kutega na kuvua. Lakini kifungu kilisema kuwa haki hiyo haitafika katika sehemu zitakazotwaliwa mara kwa mara kwa makazi, migodi, mbao, biashara au mambo mengine. Wajumbe wenyewe, katika taarifa waliyoipeleka serikalini baada ya safari, walikiri kuwa wenyeji walikuwa na hofu ya kunyimwa uwindaji na uvuvi, na kuwa wao waliwahakikishia kwamba baada ya mkataba watakuwa huru kuwinda na kuvua kama vile hawakufunga mkataba wo wote. Wazee waliozipokezana habari za siku hiyo kwa mdomo wanakumbuka ahadi hiyo, wala hawakumbuki kifungu.

Basi mkataba mmoja ulikuwa na vinywa viwili: kimoja cha karatasi na kimoja cha baraza. Mwaka 1930 serikali kuu ya Kanada iliikabidhi Alberta ardhi na madini yake, na wenyeji hawakuulizwa. Tangu hapo aliyetia ahadi alikuwa mmoja, na aliyetoa leseni za kuchimba alikuwa mwingine. Ugomvi mwingi uliofuata ulizaliwa katika pengo hilo.

Kutoka maabara mpaka kiwanda

Mchanga wenye lami hauwi mafuta kwa kutaka tu. Mtu aliyefungua mlango ni Karl Clark, mwanakemia aliyefanya kazi Edmonton katika Baraza la Utafiti la Alberta. Katika miaka ya 1920 alionyesha kuwa mchanga ukichanganywa na maji ya moto yenye soda kali, lami huachana na chembe za mchanga, ikapanda juu pamoja na povu, ikaweza kuenguliwa. Wengine walijaribu kufanya biashara kwa njia kama hiyo. Robert Fitzsimmons alijenga kiwanda kidogo mahali palipoitwa Bitumount, na kiwanda kingine, Abasand, kiliungua mwaka 1941 kikaungua tena mwaka 1945. Faida ilikuwa haba na hasara ilikuwa kubwa.

Tamaa ilifika mbali. Mwaka 1958 kampuni moja ya Marekani, Richfield, ilipendekeza kwa serikali kulipua bomu la atomiki chini ya ardhi, kusini ya Fort McMurray, ili joto lake liyeyushe lami ipate kupigwa pampu kama mafuta ya kawaida. Shauri hilo liliitwa kwanza Mradi wa Sufuria, kisha likapewa jina la upole zaidi, Mradi wa Mchanga wa Mafuta. Halikuchekwa. Liliundiwa kamati likajadiliwa na watu wazima wenye elimu, mpaka siasa ya Kanada ya kupinga majaribio ya silaha za atomiki ilipoliweka kando mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nimelitaja kwa sababu laonyesha hali ya fikra za wakati ule: nchi ile ilitazamwa kama tupu, na katika hesabu ya hatari watu wake walikuwa sifuri.

Tarehe 30 Septemba 1967 kiwanda kikubwa cha kwanza, Great Canadian Oil Sands, kilifunguliwa kaskazini ya Fort McMurray kwa fedha za kampuni ya Sun Oil ya Marekani. Baadaye kilikuwa sehemu ya kampuni ya Suncor. Clark hakuiona siku hiyo. Alikufa Desemba 1966. Mwaka 1978 kiwanda cha pili, cha Syncrude, kilifuata. Mpaka katikati ya miaka ya 2020 mapato ya mchanga wa lami yalikuwa yamepita mapipa milioni 3 kwa siku.

Yafaa msomaji aelewe kazi yenyewe, maana hatari zake zimo ndani ya kazi. Msitu hukatwa, udongo wa juu huondolewa, na mchanga huchimbwa kwa mashine kubwa. Tani 2 hivi za mchanga hutoa pipa moja la mafuta. Mchanga huoshwa kwa maji ya moto. Lami huenda kiwandani, na kinachobaki ni maji machafu, mchanga, udongo laini, masalio ya lami na asidi zenye sumu. Mabaki hayo, ambayo wachimbaji wa Tanzania huyaita tope sumu, humwagwa katika mabwawa. Mchanga huzama upesi, lakini udongo laini huelea majini kwa miaka makumi. Watu wa 1967 walidhani kuwa utatulia. Haukutulia, na mabwawa yakaongezwa kuta, kisha yakaongezwa idadi. Baada ya miaka zaidi ya 50 yalishika lita zaidi ya trilioni moja. Sehemu kubwa ya lami, iliyo chini sana isiweze kuchimbwa, hutolewa kwa njia nyingine: mvuke huingizwa ardhini kwa kisima kimoja, na lami iliyoyeyuka hutolewa kwa kisima cha chini yake. Njia hiyo haihitaji mabwawa, ila huchoma gesi nyingi kuchemsha maji, na moshi wake huongeza joto la dunia.

Mto unaposema

Fort McKay iko kando ya mto katikati ya migodi. Fort Chipewyan iko mbali zaidi, zaidi ya kilomita 200 kaskazini ya Fort McMurray, mahali ambapo maji yote yanayopita migodini hufika. Watu wa miji hiyo walikuwa wa kwanza kuona mabadiliko. Walisema samaki wana vidonda, nyama ya porini ina ladha nyingine, na theluji inapoyeyuka huacha utando. Mwaka 1982 uchafu wa kiwanda cha kwanza ulipoingia mtoni, chifu wa Fort McKay, Dorothy McDonald, alikwenda mahakamani. Kwa miaka mingi jibu walilopewa watu wa mto lilikuwa moja: lami hutoka kingoni kwa asili yake tangu zamani, na uchafu unaoonekana mtoni ni wa asili hiyo. Hapo historia ilikunja uso wake kwa namna ya ajabu. Elimu ile ile ambayo mababu zao waliwapa wageni, kwamba kingo za mto hutoka lami, ilirudishwa kwao kama sababu ya kutowasikiliza.

Mwaka 2006 daktari wa Fort Chipewyan alisema hadharani kuwa anaona saratani zisizo za kawaida katika mji mdogo. Uchunguzi wa Baraza la Saratani la Alberta, uliotangazwa mwaka 2009, ulikuta saratani 51 katika miaka ya 1995 mpaka 2006, ambapo zilitazamiwa 39. Baraza halikusema kuwa mafuta ndiyo sababu; lilisema uchunguzi zaidi unatakiwa. Mwaka huo huo na mwaka uliofuata, Erin Kelly, David Schindler na wenzao wa Chuo Kikuu cha Alberta walitoa makala mbili zilizobadili mjadala. Walipima theluji na maji ya juu na ya chini ya viwanda. Walikuta kwamba katika muda wa miezi 4, vumbi la tani 11,400 lilikuwa limeanguka juu ya theluji ndani ya kilomita 50 za viwanda, likiwa na kemikali za lami, na kwamba zebaki, risasi na metali nyingine ziliongezeka karibu na kazi za uchimbaji. Mto, kwa hiyo, haukupokea uchafu wa asili tu.

Maana ya makala hizo inapita takwimu zake. Upimaji wa mto ulikuwa mikononi mwa mpango uliogharimiwa na kampuni zenyewe, na haukuona walichoona wavuvi. Baada ya makala, kamati za serikali zilikiri upungufu, na mwaka 2012 serikali ya Kanada na ya Alberta zilitangaza mpango wa pamoja wa kupima maji, hewa na wanyama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na aliyekilalia akisema ana kunguni, si busara kumtaka kwanza alete hati ya maabara.

Mambo mengine yalionekana na dunia nzima. Aprili 2008 bata wapatao 1,600 walitua katika bwawa moja la Syncrude wakafa katika lami, na mwaka 2010 kampuni hiyo ilihukumiwa faini ya dola milioni 3. Mwaka huo wa 2010 Suncor ilitangaza kuwa bwawa la kwanza kabisa limegeuzwa ardhi, hekta 220, likapandwa majani na miti. Mahali hapo paliitwa Wapisiw, kwa heshima ya yule Mcree wa mwaka 1719. Ni heshima njema, na kazi yenyewe ni ya kusifiwa kwa kiasi chake. Lakini sehemu ya tope laini ilihamishiwa mabwawa mengine, na mabwawa hayo bado ni deni.

Mahakamani

Ikiwa kushauriana na wenyeji kumekuwa jambo la lazima katika Kanada, sababu yake kubwa ni kuwa wenyeji walikwenda mahakamani. Katiba ya mwaka 1982 ilizitambua haki za asili na haki za mikataba. Baada ya hapo ilibaki kuulizwa: haki hizo zinamlazimisha nani kufanya nini?

Jibu moja kuu lilitoka katika shauri la Wacree wa Mikisew, ambao baadhi yao hukaa Fort Chipewyan. Serikali kuu ilitaka kujenga barabara ya majira ya baridi katika mbuga ya taifa ya Wood Buffalo, ikapita karibu na ardhi ya Mikisew na katika njia za wategaji. Wenyeji walipelekewa barua za kawaida na kualikwa katika mikutano ya hadhara kama raia wengine wote. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kuwa hiyo haikutosha. Haki ya serikali ya kutwaa ardhi chini ya Mkataba wa Nane ilikuwepo, walakini ilikuja pamoja na wajibu wa kushauriana na wenye mkataba wenyewe, kusikiliza hofu zao na kujaribu kuzipunguza. Miaka 106 baada ya baraza la Fort Chipewyan, ahadi ya mdomo ilipata nafasi kidogo kando ya kifungu cha karatasi.

Wajibu huo una mipaka. Hauwapi wenyeji uwezo wa kukataza, na mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo ilisema kuwa haulifungi bunge linapotunga sheria. Mara nyingi umegeuka kazi ya makaratasi: kampuni huhesabu barua, simu na mikutano, kisha husema ushauri umekwisha. Hata hivyo meno yake yapo. Aprili 2020 Mahakama ya Rufani ya Alberta ilitengua kibali cha mradi mmoja wa mvuke karibu na Moose Lake, mahali ambapo watu wa Fort McKay wamepashika kama kimbilio lao la mwisho la kuwinda na kufundisha watoto. Mahakama ilisema kuwa mamlaka iliyotoa kibali haikupima kama heshima ya Taji, yaani uaminifu wa serikali kwa ahadi zake, imetimizwa.

Fort McKay na shida ya kuchagua

Ingekuwa rahisi kuisimulia habari hii kama ngano ya mnyonge na dhalimu. Historia haikubali. Watu wa Fort McKay, waliozungukwa na migodi pande nyingi, waliona kuwa uwindaji wa zamani umepungua, na bei ya ngozi za manyoya imeanguka. Mwaka 1986 walianzisha kampuni yao wenyewe, na mkataba wake wa kwanza ulikuwa wa kusafisha majengo. Katika miaka iliyofuata kampuni hiyo ilikua ikafanya kazi kubwa za migodini, na jamii ikapata nyumba, shule na mapato ambayo jamii nyingi za wenyeji wa Kanada hazina. Mwaka 2017 Fort McKay na Mikisew walinunua asilimia 49 ya matangi ya kuhifadhia mafuta ya Suncor kwa dola milioni 503 za Kanada.

Wako wanaowalaumu. Mimi naona lawama hiyo hutolewa kwa urahisi na watu ambao nyumba zao hazina moshi wa kiwanda dirishani. Fort McKay ile ile iliyochukua mikataba ndiyo iliyokwenda mahakamani kwa ajili ya Moose Lake. Mtu aweza kula katika meza na bado akasema chumvi imezidi. Shida ya kweli ni nyingine: jamii inayotegemea mgodi kwa mkate wake huona ugumu kupaza sauti juu ya maji yake. Mradi mkubwa wa Frontier, wa mapipa 260,000 kwa siku, ulikuwa umepata mapatano na jamii zote 14 za wenyeji zilizohusika, kabla ya kampuni ya Teck kuuondoa Februari 2020 kwa sababu ya ugomvi wa nchi nzima juu ya hali ya hewa. Sahihi 14 ni jambo kubwa. Lakini kabla ya kuzihesabu kama ridhaa lazima tuulize kila mmoja alikuwa na njia gani nyingine.

Miezi tisa ya kimya

Mei 2022 katika mgodi wa Kearl, unaoendeshwa na kampuni ya Imperial Oil, yalionekana maji yaliyobadilika rangi nje ya mipaka ya bwawa. Jamii za wenyeji zilipata taarifa fupi ya mwanzo. Kisha ikajulikana kuwa maji hayo ni uvujaji wa tope sumu, nao hawakuelezwa. Waliendelea kuwinda na kuvua katika nchi ile. Mapema mwaka 2023 bwawa jingine la mgodi huo lilifurika, zikamwagika lita milioni 5.3. Ni hapo tu, mamlaka ya udhibiti ya Alberta ilipotoa amri mwezi Februari, ndipo watu wa Fort Chipewyan walipoyajua yote mawili. Ilikuwa imepita miezi tisa.

Mwezi Aprili chifu Allan Adam wa Athabasca Chipewyan alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Kanada; mkuu wa kampuni aliomba radhi, na mkuu wa mamlaka ya udhibiti naye akaomba radhi. Kampuni ilisema hakuna dalili ya madhara kwa wanyama wala maji ya kunywa. Mwaka 2024 mamlaka iliitoza faini ya dola 50,000. Tuseme, kwa hoja tu, kuwa maneno ya kampuni ni kweli tupu. Bado jambo kubwa limebaki. Katika mwaka 2022 zilikuwepo sheria, mikataba, kamati, idara za ushauri, hukumu za mahakama na taarifa za kila mwaka. Vyote hivyo vilikuwa kazini, na mama wa Fort Chipewyan hakujua kilichomo katika nyama aliyoipika.

Hapa ndipo uzi wetu unapofika. Mwaka 1719 Wa-Pa-Su alisafiri kwa mtumbwi njia ndefu ili kumwonyesha mgeni kitu kilichomo katika nchi yake. Katika mwaka 2022, zama za simu, habari ya kurudi ilichukua miezi tisa, na bila ya kufurika kwa bwawa la pili pengine ingechelewa zaidi.

Lipo pia suala la fedha, nalo ni habari iliyofichwa mahali pa wazi. Kampuni hutakiwa kuweka dhamana ili ardhi irudishwe hali yake mgodi ukifungwa. Mwaka 2015 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Alberta alionyesha kuwa gharama ya kurudisha ardhi ya migodi ya mchanga wa lami na ya makaa ya mawe ilikadiriwa dola bilioni 20.8, na dhamana iliyokuwapo ilikuwa dola bilioni 1.57. Hatari isiyolipiwa haipotei. Huhamishwa tu kutoka katika daftari la mwenye mgodi mpaka katika maisha ya wajukuu wa wenyeji na walipa kodi.

Jambo linalotuhusu

Yaweza kuulizwa, Athabasca na Afrika ya Mashariki wapi na wapi? Kuna kiungo cha kweli. Mafuta ya Ziwa Albert katika Uganda si mchanga wa lami; ni mazito yenye nta, na ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, limesanifiwa ili lipashwe joto njia nzima. Lakini kampuni mbili zilizoshika kazi hiyo zimepita shule moja na wale tuliowataja. TotalEnergies ilikuwa na hisa katika mchanga wa Athabasca mpaka ilipoziuza mwaka 2023, na CNOOC ya China ilijiimarisha huko mwaka 2013 ilipoinunua kampuni ya Nexen. Wenye mali wanayo kumbukumbu ya nchi zote mbili. Ni haki wenyeji wa njia ya bomba nao wawe nayo.

Somo la Athabasca laweza kusemwa kwa maneno machache. Mahali wenyeji walipopata usalama, waliupata kwa mambo matatu: haki iliyoandikwa ambayo hakimu aweza kuitumia, upimaji usiolipwa na anayepimwa, na habari inayofika kwa mwenye nyumba kabla ya kufika gazetini. Palipokosekana moja katika hayo, mengine mawili yalilegea. Fedha na kazi ni neema, wala hazipaswi kudharauliwa, lakini hazikuweza kuziba nafasi ya lo lote katika mambo hayo matatu.

Sisi tunaosomesha lugha tunayo sehemu yetu. Mkataba wa mwaka 1899 ulisemwa kwa wenyeji kwa njia ya wakalimani, na pengo baina ya neno lililosemwa na neno lililoandikwa limegharimu zaidi ya karne moja ya mashitaka. Taarifa ya hatari inayosomwa na mkulima wa Hoima au mvuvi wa Chongoleani yapasa iandikwe kwa maneno yake, iseme tope kuwa ni tope na sumu kuwa ni sumu, na iseme siku atakayoarifiwa jambo likiharibika. Fundi wa jahazi hasubiri chombo kifike kilindini ndipo atafute ufa. Hukalafati chombo kingali pwani, wakati mwenye safari naye amesimama kando akiangalia.